Kujifanyia sevisi nyumbani na bei ya gari siku ya kuuza

Wasiwasi wa wengi ni huu: nikibadilisha oili mwenyewe uani, siku ya kuliuza gari mnunuzi atasema halikupita gereji na bei itashuka. Kule magari yanakonunuliwa mapya, yakiwa na vitabu vya sevisi vyenye mihuri ya kampuni, wasiwasi huo una msingi. Unguja na Pemba hauna. Magari yetu mengi yalishuka bandari ya Malindi, Unguja, yakiwa yameshatumika Japani miaka kadhaa, na tangu yashuke yanahudumiwa na fundi hodari wa chini ya mwembe ambaye haandiki chochote. Huna muhuri wa kuupoteza. Unavyoweza kupoteza ni vitu viwili: imani ya fundi atakayekuja na mnunuzi, na ukweli wa kilomita zako.

Nianze na huyo fundi, kwa sababu ndiye anayepanga bei. Ni nadra mtu hapa kununua gari bila kumchukua fundi wake, na fundi huyo hakuulizi nani alibadilisha oili. Anafungua boneti, anapiga magoti, anatazama mikono iliyopita. Kichwa cha boliti ya kumwagia oili kimelika pembe: mtu alitumia spana isiyo saizi yake. Silikoni imevimba pembezoni mwa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini: palivuja, pakapakwa juu juu. Klipu za kava la chini hazipo, limefungwa kwa waya. Tamino la betri limekazwa kwa kipande cha bati. Waya za taa zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu.

Kila kimoja kati ya hivyo ni kitu kidogo, lakini mnunuzi hapunguzi bei kwa gharama ya kitu chenyewe. Anapunguza kwa hofu ya asichokiona. Mfano mzuri ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Ni mpira wa bei nafuu, kazi yake haifiki saa mbili kwa injini za Toyota za silinda nne, nayo ikichoka hutoa oili inayoteremka ubavuni mwa injini na kunuka ikifika kwenye ekzosi. Fundi wa mnunuzi akiiona atasema neno moja, "inavuja", na kutoka hapo mazungumzo yanahusu injini nzima. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba sevisi inapandisha bei. Haipandishi. Toyota IST ya mwaka fulani ina bei yake sokoni na hutaiuza kwa zaidi ya hapo kwa sababu ya plagi mpya. Sevisi inamnyima mnunuzi sababu za kukata, na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Sasa kilomita. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Anayekaa Mbweni na kufanya kazi Darajani anatembea kama kilomita 15 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 300 ni kilomita 4,500 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano gari limeongeza 22,500 tu. Ni kweli kabisa, na hakuna atakayeamini, maana kurudisha kilomita ni mchezo unaojulikana na kila dalali. Hapa ndipo anayejifanyia sevisi anapomzidi anayepeleka gari gereji: yeye anaweza kuwa na daftari.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila kazi andika tarehe, kilomita, kilichofanyika, namba ya spea iliyoandikwa kwenye boksi, kiasi cha oili na aina yake. Piga picha moja inayoonesha dashibodi ikiwa na kilomita, na nyingine ya spea mpya na kuukuu zikiwa pamoja. Dai risiti ya kielektroniki dukani hata kama muuzaji anakuambia bila risiti atakupunguzia. Tarehe iliyochapishwa na mashine haibishaniwi kama tarehe iliyoandikwa kwa kalamu yako. Lakini risiti hizo zimechapwa kwa joto, na zikikaa miezi kadhaa kwenye droo ya gari linaloegeshwa juani zinabaki karatasi nyeupe. Zipige picha au zitoe kopi siku hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari bandika kopi ya hati ya kusafirishia gari kutoka Japani, ambayo huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Na ile stika ya Kijapani ya kubadilisha oili iliyo kwenye mlango wa dereva au chini ya boneti, usiibandue. Ina tarehe na kilomita, na huo ndio mwanzo wa historia yako.

Kwa vile kilomita ni chache, sevisi zetu zihesabiwe kwa miezi. Toyota kule Japani huagiza oili ya injini za petroli zisizo na turbo ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo, yaani 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya safari fupi fupi au kupita kwenye vumbi. Safari ya Mbweni hadi Darajani ni fupi. Injini inapata moto vizuri ukiwa unatafuta pa kuegesha. Unyevu na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili. Kwa hiyo miezi sita au kilomita 5,000, kitakachotangulia, na kwa wengi wetu miezi ndiyo itatangulia.

Kazi yenyewe, kwa injini za 1NZ na 2NZ ambazo ndizo zimejaa katika IST, Vitz, Raum na Probox, ni hii. Washa injini dakika tano ili oili ilainike, zima, ngoja isiunguze. Egesha pa tambarare, piga jeki, kisha weka stendi. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Boliti ya kumwagia ni ya soketi 14, na ifunguliwe kwa soketi ya pembe sita au ringi spana, usitumie spana ya mdomo. Acha imwagike dakika kumi. Boliti hiyo ina washa, kipete cha kuzibia; mpya yake, namba 90430-12031, inauzwa kwa pesa ndogo sana, na kutoiweka ndiko kunakozaa yale matone yanayoonekana sakafuni miezi miwili baadaye. Nguvu ya kukaza ni Nyutoni-mita 37 hivi, ambayo kwa mkono ni kukaza kwa soketi fupi bila kuning'inia. Anayekaza kwa bomba refu anaharibu nyuzi za sampu, na nyuzi zikishaharibika ndipo silikoni inapoingia, na habari zake tumeshazisema.

Filta namba 90915-YZZE1 inaingia. Kabla ya kuifunga, papasa pale filta ya zamani ilipokaa uhakikishe raba yake haikubaki. Raba mbili zikikaa pamoja zinashika dakika chache, halafu oili yote inatoka kwa mshindo ukiwa barabarani, na injini hufa kwa kosa hili. Paka raba mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.4 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki, malizia hadi alama ya juu. Jumla pamoja na filta ni lita 3.7. Galoni ya lita 4 inabakiza kidogo. Hicho kilichobaki kiandike aina yake na ukiweke, usikimalizie ndani ya injini kwa kuona kinapotea.

Oili chafu isimwagwe uani. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa leo kinashuka hadi kwenye maji ya visima. Irudishe kwenye galoni na umpelekee mwenye gereji anayekusanya.

Kuhusu oili nzito: wapo wanaotia 20W-50 kwenye injini ya VVT-i kwa hoja kwamba gari limezeeka na hapa kuna joto. Injini hizi zilitengenezewa 5W-30 au nyepesi zaidi, na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unaendeshwa na msukumo wa oili hiyo hiyo kupitia vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Kwa hali yetu ya hewa 5W-30 inatosha, 10W-30 si dhambi. Fundi akivuta dipstiki na kukuta oili nene kama asali, haoni utunzaji; anajiuliza unaficha moshi gani. Kama gari lako linakula oili kweli, mathalani Vanguard au Alphard yenye injini ya 2AZ ambayo miaka fulani ilijulikana kwa ringi za pistoni zinazoziba, pima inakula kiasi gani kwa kila kilomita 1,000 na uandike. Mnunuzi anayejua ni robo lita atafanya hesabu yake. Anayeligundua mwenyewe wiki ya kwanza atarudi na wazee.

Rejeta ndipo gari la Zanzibar linapojulikana. Maji ya visima vyetu ni magumu kwa sababu ya chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Ukiyatia kwenye rejeta yanaacha magamba ndani ya mirija, na chumvi inakula alumini ya kichwa cha injini na pampu ya maji. Baada ya mwaka maji yanageuka rangi ya chai. Fundi wa mnunuzi hufungua kifuniko cha rejeta kabla ya kitu kingine, na rangi hiyo peke yake humfanya afikirie gasketi ya kichwa. Tumia kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Ile ya Toyota ya waridi imeshachanganywa, haitaki kuongezwa maji. Ile nyekundu huchanganywa nusu kwa nusu, na maji yake yawe yasiyo na madini, yanayouzwa kama maji ya betri. Angalia usiuziwe asidi. Injini za NZ zinachukua karibu lita 5. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, mwaga kwa kiziba cha chini, jaza maji hayo hayo ya betri, endesha hita ikiwa wazi hadi injini ipate moto, poza, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe, ndipo utie kulanti. Usiharakishe kutoa hewa: acha kifuniko wazi injini ikizunguka taratibu, jaza kadiri inavyoshuka, funga mapovu yakiisha. Hewa iliyobaki ndani huchemsha gari lililokuwa zima.

Giaboksi ni mahali ambapo kujifanyia mwenyewe kunaweza kuua gari kabisa, na sababu ni moja: oili isiyo yake. Oili za Toyota za T-IV, WS, CVT TC na CVT FE haziingiliani. IST ya gia nne hutumia T-IV. Vitz nyingi na Noah za miaka ya kati zina CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, na ukiitia CVT oili ya otomatiki ya kawaida mkanda wake wa chuma unateleza na kulika. Soma dipstiki ya giaboksi au kitabu, usimuulize muuzaji. Kubadilisha ni kumwaga kinachotoka, kwa IST kama lita 3, na kurudisha kiasi kile kile ulichokipima kwenye chupa. Kama giaboksi inapiga kishindo ikiingia gia, au inachelewa, acha. Oili mpya haiitibu, na ukishaifungua utabeba lawama za ugonjwa ulioukuta.

Plagi ni kazi ya nusu saa ambayo watu huiharibu kwa uchafu tu: vumbi la kifusi limejaa kwenye visima vya plagi, mtu anafungua bila kupuliza, mchanga unaanguka kwenye silinda. Puliza kwanza kwa upepo. Injini iwe baridi, anza kufunga kwa vidole, na plagi mpya yenye washa izungushwe nusu ya mzunguko baada ya kugusa. Filta ya hewa na ile ya AC nyuma ya droo ya abiria hazina hata haja ya kuelezwa, ila ile ya AC ina uzito wake siku ya kuuza, maana harufu ya ukungu ndiyo salamu ya kwanza anayoipata mnunuzi akifungua mlango. Udi wa asubuhi hiyo hausaidii. Mzanzibari akinusa udi mkali kwenye gari anajua kuna kitu kimefukiziwa.

Kwa Pemba ningeweka breki mbele ya mambo mengine. Barabara ya Mkoani hadi Chake na Wete ni kupanda na kushuka vilima, pedi zinaisha mapema na mafuta ya breki yanachemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni ya baharini mwaka mzima. Yabadilishe kila miaka miwili, DOT 3, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Pedi zikibaki milimita 3 zitoe. Ukizitoa, chomoa pini za kaliba, kile kinachoshika pedi, zisafishe na uzipake grisi ya silikoni maalumu kwa breki. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha raba na pini inakwama. Pini iliyokwama ndiyo inayofanya pedi ya ndani iishe chuma kwa chuma huku ya nje ikiwa nzima, na disiki iliyochimbika inaonekana kwa kuchungulia tu kati ya rimu. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo hukazwa Nyutoni-mita 103, kwa mpangilio wa kuvukiana. Spea za Pemba mara nyingi husubiri meli kutoka Unguja, kwa hiyo nunua pedi na filta kabla hazijahitajika, maana haraka ndiyo inayomfanya mtu akubali pedi feki.

Kutu ndiyo adui ambaye hakuna sevisi ya injini inayomfidia. Gari linaloshinda Paje, Nungwi au Bwejuu linapata chumvi kwa kaskazi na kwa kusi, na mchanga wa pwani unajikusanya mahali pasipokauka: ndani ya matao ya nyuma, kwenye kingo za chini za milango, juu ya fremu inayobeba injini, kwenye mabomba ya breki. Kulisafisha kwa maji yasiyo na chumvi upande wa chini mara moja kwa wiki kunafaa kuliko kung'arisha rangi. Fungua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa kijiti. Kutu changa ikwangue hadi chuma, tia praima, ndipo rangi. Kuna tabia ya kupulizia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Oili hiyo inalainisha na kuharibu bushi na mipira yote, na inanasa vumbi. Vilevile lami nyeusi mpya iliyopakwa wiki moja kabla ya kuuza humfanya fundi achukue bisibisi na kuanza kugonga, na huwa hagongi bure. Ukitaka kupaka, paka mapema na upige picha chuma kikiwa tupu.

Zipo kazi ambazo hata fundi wa nyumbani mwenye zana ningemwambia alipie: gesi ya AC, ambayo inataka mashine ya kutoa hewa na mizani, mifuko ya hewa, alaimenti, ambayo karatasi yake inakwenda kwenye daftari, na mkanda wa taiming kwa injini zinazoutumia kama EJ20 ya Subaru au 1KZ ya dizeli, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda wa taiming ndio spea ambayo risiti yake ina thamani kuliko spea yenyewe. Bila karatasi mnunuzi atauhesabu kuwa haujabadilishwa, na atakata bei ya mkanda, pampu ya maji na kazi. Injini za NZ zina cheni, hili halizihusu.

Wiki ya kuuza, mambo ya kutofanya ni mengi kuliko ya kufanya. Usioshe injini kwa presha. Maji yanaingia kwenye koili na injini inaanza kukosa silinda moja mbele ya mnunuzi, na injini inayong'aa kama sahani inaonekana imefutwa oili. Futa kwa kitambaa tu. Usifute taa ya cheki injini kwa mashine bila kutibu sababu: ukifuta misimbo, vipimo vya ndani vya kompyuta vinarudi sifuri, na fundi mwenye mashine nzuri anaona kwamba kumbukumbu ilisafishwa jana. Magari ya Japani ya kabla ya 2008 mengine hayasomeki kwa zile mashine ndogo za simu, lakini usitegemee hilo. Tairi nazo zinasomeka: tarakimu nne ubavuni, kama 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo usiseme ni mpya kwa sababu kashata zake hazijaisha.

Usiliwashe gari kabla mnunuzi hajafika. Fundi anayejua kazi ataweka kiganja juu ya injini akifika, na akiikuta ya moto atauliza kwa nini. Muachie yeye aiwashe ikiwa baridi, avute dipstiki mwenyewe, afungue rejeta mwenyewe. Daftari mpe baada ya yeye kumaliza kukagua, si kabla. Kwanza aone gari, halafu karatasi zithibitishe alichokiona. Ukurasa wa mwisho uwe na orodha ya kinachokaribia: pedi za nyuma milimita 4, oili inatakiwa Novemba, betri ina miaka miwili. Tajeni bei mkiwa mmeushika ukurasa huo.